Ian Murdock, Mwasisi wa Debian

Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana huko Marekani, palikuwa na mwanafunzi wa miaka 20, Ian Murdock, mzaliwa wa Konstanz nchini Ujerumani, ambaye mkusanyiko wa Linux aliokuwa akiutumia, uitwao SLS, ulimuudhi kwa wingi wa kasoro zake na kwa uzito wa wenyewe kuzisahihisha. Tarehe 16 Agosti alitangaza azma ya kuunda mkusanyiko mwingine, akauita Debian, yaani jina la mpenzi wake Debra, aliyemwoa baadaye, likaunganishwa na lake mwenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo wa kuendesha kompyuta, nacho hakimfai mtu hadi kizungukwe na mamia ya programu zilizoandikwa na watu waliotawanyika duniani, na wasiojuana. Murdock aliamuru kila programu ifungwe katika kifurushi chake, kitaje bayana vifurushi vingine inavyovihitaji, na kiwe na mlezi mmoja wa kukijibia. Kwa tartibu hiyo mtu aliye mbali aliweza kutimiza sehemu yake bila kuwaharibia wenziwe. Tangu Novemba 1994, kwa muda wa mwaka mmoja, kazi hiyo ilifadhiliwa na Free Software Foundation, taasisi ya Richard Stallman.

Machi 1996, kabla hajatimiza miaka 23, alimkabidhi mwenzake katika kazi hiyo, Bruce Perens, uongozi. Kwangu mimi hilo ndilo tendo lake kubwa kuliko yote, kwani wengi huasisi jambo, lakini ni wachache wanaoridhia kuliachia likingali changa. Mwaka 1997 jumuiya ya Debian ikaandika ahadi yake kwa watumiaji, na kanuni zilizomo ndizo zilizozaa, mwaka uliofuata, fasili ya programu huria (open source) inayofuatwa hadi leo.

Baadaye alianzisha kampuni ya Progeny, akaingia kampuni ya Sun mwaka 2007, kisha ya Docker mwaka 2015. Huku nyuma, mwaka 2004, kutokana na Debian ulizuka mkusanyiko wa Ubuntu, ambao jina lake ni ule ule utu wetu Waswahili.

Murdock alifariki San Francisco tarehe 28 Desemba 2015, akiwa na umri wa miaka 42. Toleo la tisa la Debian, lililotoka Juni 2017, lilitolewa kwa kumbukumbu yake.