John Tavener

John Kenneth Tavener (28 Januari 1944 – 12 Novemba 2013) alikuwa mtunzi wa muziki wa klasiki kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa nyimbo za kwaya zilizochota sauti na maneno katika ibada za Kanisa la Kiorthodoksi. Asichanganywe na John Taverner, mtunzi Mwingereza wa karne ya 16.

Maisha ya awali

Tavener alizaliwa Wembley, London, katika familia ya Wapresbiteri. Alisoma Highgate School, pamoja na John Rutter ambaye naye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki wa kwaya. Akiwa na miaka 12 alisikia Canticum Sacrum ya Igor Stravinsky, na baadaye alisema kazi hiyo ndiyo iliyomtia hamu ya kutunga. Mwaka 1961 alianza kupiga ogani katika kanisa moja la Kipresbiteri mtaani Kensington. Mwaka uliofuata alijiunga na Royal Academy of Music, na Lennox Berkeley akawa miongoni mwa walimu wake.

Kupata umaarufu

Jina lake lilivuma mwaka 1968, pale The Whale, kazi inayosimulia kisa cha nabii Yona, ilipopigwa katika tamasha la kwanza la London Sinfonietta. Ni muziki wa vurumai: waimbaji wanapaza sauti kwa vipaza sauti vya mkononi, na msimulizi anasoma maelezo ya nyangumi kutoka katika kamusi elezo. Mwaka 1970 kazi hiyo ilitolewa kwenye santuri na Apple Records, kampuni ya bendi ya The Beatles.

Imani na mtindo

Mwaka 1977 Tavener alijiunga na Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, na polepole muziki wake ukageuka. Aliacha kishindo cha ujanani na kufuata uimbaji wa kale wa Bizanti: sauti moja nzito inavutwa chini bila kukatika, wimbo unakwenda taratibu juu yake, na mafungu yanarudiwarudiwa. Aliuchukulia utunzi kama kazi ya mchoraji wa ikoni, ambaye hachori ili kujionyesha yeye mwenyewe. Katika miaka hiyo maneno ya kazi zake kadhaa yaliandaliwa na Mama Thekla, mtawa wa Kiorthodoksi aliyeishi Yorkshire.

Wahakiki humweka katika kundi moja na Arvo Pärt wa Estonia na Henryk Górecki wa Poland. Baadhi yao walilalamika kwamba muziki wake ni mwepesi mno na haubadiliki. Wasikilizaji wengi waliupenda kwa utulivu huohuo.

Kazi mashuhuri

The Lamb (1982), wimbo mfupi wa kwaya bila ala, unatumia shairi la William Blake. Tavener aliutunga kwa ajili ya mpwa wake mdogo. The Protecting Veil, ya sello na okestra ya nyuzi, ilipigwa mara ya kwanza kwenye matamasha ya Proms mwaka 1989, mpigaji sello akiwa Steven Isserlis. Song for Athene (1993) iliufikia ulimwengu mzima tarehe 6 Septemba 1997, ilipoimbwa jeneza la Diana, Binti Mfalme wa Wales, likitolewa Westminster Abbey.

Baada ya mwaka 2000 Tavener alianza kuchota katika dini nyingine pia, ingawa alibaki Mkristo. The Veil of the Temple (2003) iliimbwa usiku kucha katika Temple Church, London, kwa takriban saa saba. The Beautiful Names, iliyoagizwa na Charles, wakati huo Mwanamfalme wa Wales, inaimba kwa Kiarabu majina 99 ya Mwenyezi Mungu, Asmaul-Husna. Ilipigwa mara ya kwanza mwaka 2007 katika Westminster Cathedral, kanisa kuu la Kikatoliki.

Miaka ya mwisho

Tavener alipewa heshima ya Sir mwaka 2000. Aliugua ugonjwa wa Marfan, unaodhoofisha tishu za mwili na kuuweka moyo hatarini. Mwaka 2007 alipata mshtuko wa moyo akiwa Uswisi. Aliponea chupuchupu, akarudi kutunga. Alifariki nyumbani kwake Child Okeford, Dorset, akiwa na miaka 69. Nyimbo zake fupi bado zimo katika hazina ya kwaya nyingi za Uingereza, na The Lamb husikika makanisani kila msimu wa Krismasi.