Dawa Zinazobaki Nyumbani: Deni la Mji wa Migodi

Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na tangu mwanzo ulikuwa mji wa kambi. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuacha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kutegemea vibarua wa muda mfupi. Ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto wake. Ili akae, alipewa nyumba, posho ya chakula, shule na matibabu. Léopold Mottoulle, daktari aliyekuwa nguzo ya siasa hiyo, aliihesabu afya ya familia kuwa sehemu ya uzalishaji wa shaba. Utaratibu huo ulikuwa wa kikoloni, wenye ubaguzi na usimamizi mkali, na hakuna sababu ya kuutamani. Hata hivyo, chini yake dawa ilikuwa na mwenyewe. Kampuni ndiyo iliyoagiza, ikahifadhi na kugawa, na shehena iliyopitwa na muda ilikuwa mzigo wake. Baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines, kampuni ya serikali, ilirithi hospitali na zahanati za kampuni hiyo. Familia ya mfanyakazi haikuwa na haja kubwa ya kujiwekea akiba ya vidonge, maana homa ikirudi, zahanati ilikuwa palepale.

Mambo yaligeuka shaba ilipoanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 ilifikisha takriban tani 30,000 tu. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na mishahara ikaanza kulimbikizwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na pamoja na ajira zikaenda haki za matibabu. Tangu hapo dawa hununuliwa kwa fedha taslimu, mara nyingi kwa kiasi kile ambacho mfuko unaruhusu. Anayenunua nusu ya dozi leo anatumaini kupata nusu nyingine kesho. Akipona kabla ya kesho, vilivyobaki anaviweka. Kwa hiyo akiba ya dawa nyumbani si uzembe wa mama wa nyumba. Ni bima ambayo familia ilijitungia baada ya bima ya kampuni kufa.

Tatizo ni kwamba bima hiyo haina tarehe. Muuzaji hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi. Tarehe ya mwisho imepigwa chapa kwenye ukingo mmoja, na ukingo huo unabaki dukani au unakwenda kwa mteja mwingine. Vidonge vinavyohesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa katika kijifuko havina hata jina. Amoksisilini ya watoto, ikishachanganywa na maji, hudumu siku 7 hadi 14 tu, lakini chupa hukaa kabatini ikingoja kikohozi kingine.

Wapo watakaosema kwamba dawa iliyopitwa na tarehe bado hufanya kazi, na kuitupa ni ufujaji. Hoja hiyo ina msingi: jeshi la Marekani limekuwa likipima dawa za akiba yake tangu miaka ya 1980, na nyingi zilionekana kuwa nzuri kwa muda mrefu baada ya tarehe. Ila zile zilikuwa katika vifungashio visivyofunguliwa, ghalani penye joto na unyevu unaodhibitiwa. Kijifuko kilichokaa chini ya bati la nyumba ya Manika, hapa Kolwezi, kutoka masika moja hadi nyingine hakina dhamana hiyo. Wengine watauliza vidonge vichache ni nini katika mji ambao mito yake imebeba taka za migodi kwa miongo. Kweli, kwa uzito si kitu. Lakini hatari yake ya kwanza imo ndani ya nyumba: mtoto anayekunywa sharubati asiyopewa, na antibiotiki ya nusu dozi inayowafundisha vijidudu kuvumilia. Ya pili iko uani, pale choo cha shimo na kisima vinapogawana kiwanja kimoja.

Ufaransa, kupitia shirika la Cyclamed, imekusanya dawa zinazorudishwa kwenye famasi tangu mwaka 1993. Kwa miaka mingi sehemu yake ilipelekwa nchi maskini, hadi sheria ilipokomesha zoea hilo mwishoni mwa 2008, kwa sababu mabaki ya mwenye nacho si tiba ya asiye nacho. Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, inaweza kuanza pale pale: kila famasi iwe na sanduku la kurudishia, jimbo likusanye, na kampuni zinazochimba leo zichangie uteketezaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza moto wa zaidi ya nyuzi 1,200, usiopatikana kwenye shimo la taka uani. Mkoa wa shaba haukosi wahandisi wanaoujua moto huo. Kuiambia familia itupe dawa bila kuipa mahali pa kuirudisha ni kuiongezea mzigo ambao kampuni na serikali ziliuacha mlangoni pake. Anayeuza dawa na anayefaidika na ardhi hii ndio wanaopaswa kuupokea tena.