Umeme wa Jinja na Nchi Jirani

Neno stima, lililotaja kwanza meli ya moshi, nchini Kenya latumika pia kwa umeme. Lakini umeme ulioingia Nairobi kutoka Uganda mwaka 1958 haukuwa wa moshi. Ulitoka bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Uganda ilikuwa na umeme kuzidi haja zake. Kwa hiyo, kwa mapatano ya mwaka 1955, iliiuzia Kenya kilowati 30,000 kwa muda wa miaka 50.

Mapatano hayo yaliiepusha Kenya na kuchoma mafuta zaidi, ila yaliacha sehemu ya taa zake mikononi mwa jirani. Kenya ikatafuta vyake: bwawa la Kindaruma katika Mto Tana mwaka 1968, na mvuke wa ardhini huko Olkaria mwaka 1981.

Wala mwenye maji hakusalimika. Ukame wa miaka ya 2005 na 2006 ulipopunguza maji ya Ziwa Viktoria, Uganda ililazimika kutumia mitambo ya dizeli, ghali na yenye moshi. Aliyejitenga na jirani hajajitenga na mvua.

Ndipo nyaya zikarudi: ule wa Ethiopia, wenye kilomita 1,045, ulianza kuiuzia Kenya umeme mwaka 2022. Hata hivyo, waya upitao juu ya kijiji si taa nyumbani. Na hilo ndilo deni kuu lililobaki.