Sheli 26, soseji ya Hegel na karanga za mia tano

Najua nimekuwa kimya, ila testi zilifuatana kama daladala za asubuhi, hata sikumbuki ile ya mwisho nilijaza nini. Leo nimepata kimbweta chenye kivuli na kuna jambo linaniuma tangu Jumanne. Nivumilieni maana nitaanzia mbali, nitapita Marekani, halafu nitarudi hapa hapa Mlimani.

Mnaonifahamu mnalijua lile boksi lililo chini ya kitanda changu. Roommate wangu analiita jalala. Ndani kuna riwaya za upelelezi ambazo waandishi walizichapisha kwa hela zao wenyewe wakazisambaza kwa miguu, kuna utenzi wa kurasa nane ulioshikwa na pini moja yenye kutu, kuna ratiba za kwaya, risala za harusi zilizopigwa taipu kabla sijazaliwa, na desa la mtu wa miaka hiyo ambaye kila mhadhiri alikuwa anamchora pembeni mwa noti. Hilo desa jamani! Somo lenyewe silielewi lakini zile sura siwezi kuzitupa. Halina nakala nyingine duniani.

Roommate huniuliza, "Sasa hivi vyote unakusanya ili iweje?" Sikuwahi kuwa na jibu la maana. Ndipo nikaanza kusoma habari za watu wengine wenye ugonjwa kama wangu, nikakuta kumbe una historia ndefu, na wengine wameuugua kwa kiwango cha kutisha.

Mwaka 1963 kulikuwa na kijana mmoja huko Los Angeles anaitwa Ed Ruscha, ana miaka 25, mchoraji. Kwao ni Oklahoma City, kwa hiyo kila akienda kuwaona wazazi anapita barabara ileile, Route 66, jangwa na sheli, sheli na jangwa. Akaanza kuzipiga picha. Hakupiga machweo wala milima, ni sheli tu. Kisha akatengeneza kitabu kidogo cheupe, kwenye jalada maandishi mekundu: Twentysix Gasoline Stations. Ukifungua unakuta ndicho ulichoambiwa, sheli 26, picha nyeusi na nyeupe, chini yake jina la sheli na mahali ilipo. Hakuna utangulizi wala hadithi, na mwandishi hakuelezi kwa nini amekupotezea muda. Alichapa nakala 400 na kuziuza dola kama 3 hivi.

Nakala moja aliipeleka Library of Congress, ile maktaba kubwa ya Bunge la Marekani kule Washington. Wakamrudishia! Walisema muundo wake si wa kawaida na hauelekei kuwa na taarifa yoyote. Mimi ningelia. Ruscha alichofanya mwaka 1964 ni kununua nafasi ya tangazo kwenye jarida la sanaa la Artforum, akatangaza kwa herufi kubwa kwamba kitabu chake KIMEKATALIWA na Library of Congress, nakala zipo, karibuni mnunue. Huo ndio utundu ninaoupenda.

Na ukikaa ukafikiri, mkutubi yule hakuwa mjinga. Maktaba inafanya kazi kwa maswali: kitabu kinahusu nini, kinakwenda rafu ipi, nani atakiulizia. Sasa picha za sheli unaziweka wapi? Usafirishaji? Jiografia? Upigaji picha, wakati picha zenyewe zinaonekana kama za mtu anayetaka kuuza kiwanja? Ruscha alitaka kitabu chenyewe, jinsi kinavyoshikika na kufunguka, kiwe ndiyo kazi ya sanaa. Alitaka kiwe cha bei ya chini, cha kuchapwa kiwandani, mtu yeyote anunue aweke mfukoni. Baadaye alijuta hata kuzipa namba zile nakala 400, maana namba zinafanya kitu kionekane adimu. Akachapa tena nakala 500 mwaka 1967 na nyingine 3,000 mwaka 1969. Katikati hapo, mwaka 1966, alikuwa ametoa kingine kinachokunjuka kama kodiani, zaidi ya mita 7, kinaonyesha kila jengo la mtaa wa Sunset Strip, upande wa huku juu na upande wa pili chini. Leo nakala ya toleo la kwanza la zile sheli inauzwa maelfu ya dola. Kile kitabu cha mfukoni! Ila sitaki kuongelea hela, mtaanza kuliangalia boksi langu kwa jicho baya.

Kama sheli ziliwasumbua wakutubi, mfikirieni Dieter Roth. Huyu alikuwa msanii wa Ulaya, na kuanzia mwaka 1961 alichukua vitabu na magazeti asiyoyapenda akayasaga, akachanganya na viungo kwa mapishi ya kweli ya soseji, isipokuwa nyama ameitoa na mahali pake kaweka karatasi. Akajaza kwenye ngozi ya soseji. Mwaka 1974 akasaga maandishi yote ya Hegel, juzuu 20, zikatoka soseji 20. Wenzangu wa Falsafa msinitazame hivyo, kuna wakati wa UE hata nyie mmelifikiria. Lakini je, hicho ni kitabu? Kinasimama rafuni au kinaning'inizwa? Panya wakikila wamesoma?

Vituko hivi vilikuwa vingi miaka hiyo. Wasanii walichapa vijitabu kwa mamia wakatumiana kwa posta, wengine kwa mashine ya kudurufu, wengine kwa mihuri. Kwa kuwa maduka ya vitabu hayakuvitaka na majumba ya sanaa yaliviona ni karatasi tu, vingi vilikuwa njiani kwenda jalalani. Mwaka 1976 New York watu wakachoka na hali hiyo. Martha Wilson, msanii mwenyewe, alianzisha Franklin Furnace pale anapoishi, Franklin Street namba 112. Mwaka huohuo kundi lingine, wakiwemo Sol LeWitt na mwandishi Lucy Lippard, wakaanzisha Printed Matter. Wakagawana kazi vizuri kabisa: Printed Matter wauze, Franklin Furnace wahifadhi. Ukituma kijitabu chako kinapokelewa. Hakuna aliyekuambia hakina taarifa.

Miaka 17 baadaye, 1993, mkusanyo wa Martha Wilson, zaidi ya vitu 13,000, uliingia kwenye maktaba ya MoMA, lile jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Mkutubi wa pale, Clive Phillpot, alikuwa mmoja wa wachache waliovithamini vitabu vya namna hii tangu miaka ya sabini. Yaani kilichokuwa takataka za mtaani kikapanda hadi jumba lenye walinzi na kipima joto. Wenzao wa Printed Matter walikutwa na mengine: Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipopiga New York, maji yalijaa kwenye ghala lao la chini na maelfu ya vitabu yakalowa hayakufaa tena. Sikuweza kuisoma habari hiyo bila kuvuta boksi langu mbali na lile dirisha linalovuja.

Sasa msije mkadhani mambo haya ni ya New York tu. Wote tuliopita DS tumekidesa kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa. Wangapi walishaangalia nani alikichapa? Mwaka 1972 kilitolewa na Tanzania Publishing House ya hapa Dar pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London. Hiyo Bogle-L'Ouverture haikuwa kampuni ya maghorofa. Ni mke na mume kutoka Guyana, Jessica na Eric Huntley, walioianza nyumbani kwao mwaka 1969 ili watoe mihadhara ya Rodney baada ya Jamaica kumpiga marufuku mwaka 1968. Sebuleni kwa watu! Na makaratasi yao hawakuyatupa, yamehifadhiwa kwenye nyaraka za jiji la London.

Na Rodney alipokuwa anafundisha hapa Mlimani, wanafunzi nao walikuwa na mashine yao ya kudurufu. Novemba 1969 walitoa jarida linaitwa Cheche. Waliokuwa nyuma yake ni USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ambao mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, huyu huyu aliyekuja kuwa rais wa Uganda mwaka 1986, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU la hapa chuoni. Kwenye uhariri walikuwepo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Wakati ule walikuwa wanafunzi kama mimi na wewe, wanakata stensili, wanazungusha mkono wa mashine, wanapanga kurasa na kupiga pini.

Mwaka 1970 wakatoa toleo maalumu lenye andiko moja refu la Issa Shivji, naye akiwa kijana mdogo, kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini. Limebishaniwa mpaka kesho. Novemba mwaka huohuo Cheche ikafungwa, na USARF ikafutwa. Sababu mojawapo iliyotolewa ni jina: eti linafanana na Iskra, gazeti la Lenin, kwa hiyo watu watadhani tunajenga ujamaa wa Kirusi wakati tuna wa kwetu. Wanafunzi walikuwa wamelitafuta jina hilo kwa Lenin kweli, na kwa gazeti la Nkrumah, The Spark. Lakini jamani, cheche ni Kiswahili! Vijana wa TANU wakaendelea na jarida lingine, MajiMaji. Andiko la Shivji lilichapwa kama kitabu mwaka 1973, na mwaka 2010 Hirji na wenzake wakatoa kitabu cha kumbukumbu za Cheche. Maneno yamesalimika, tunashukuru. Ila mimi nataka kuona wino ulivyofifia kwenye ukurasa wa mwisho, mahali stensili ilipochanika, na jina la mtu aliyeazimwa akaandika "rudisha Jumapili". Hayo hayachapwi upya.

Sasa ndiyo nafika kwenye maumivu. Wiki iliyopita nilikuwa Posta kwa wale wauza vitabu chakavu wa kando ya barabara. Chini kabisa ya rundo, kati ya katalogi ya matrekta na Biolojia ya kidato cha pili, nikaona MajiMaji. Haina jalada, kona imeliwa na mchwa, lakini ni yenyewe, ya miaka ya sabini. Mzee akasema elfu tatu. Mfukoni nilikuwa na elfu mbili na mia tano, na nauli ni humo humo. Nikamsihi, "Mzee wangu, niwekee, nakuja Jumanne." Akasema, "Hamna shida mwanangu, nani mwingine ataitaka hiyo?"

Jumanne nimefika na elfu tatu yangu imekunjwa vizuri. Mzee akakuna kichwa. "Ile karatasi? Aa, kijana, mbona uliniacha sana. Rundo lote kalichukua mama wa karanga, kwa kilo." Hakuwa na ubaya hata kidogo. Hata aliniomba radhi, akanipa ile katalogi ya matrekta bure. Nimeichukua, ipo kwenye boksi.

Mama wa karanga nilimpata upande wa pili wa barabara. Nikamweleza, akacheka, akaniambia amani tu, nichague. Nimenunua koni sita, karanga za mia tano mia tano, hiyo ndiyo elfu tatu yote. Nikazifungua moja moja pale pale watu wananishangaa. Mbili zilikuwa hesabu za kidato cha nne, moja tangazo la semina ya neno la Mungu, mbili matrekta. Ya sita ilikuwa karatasi ya kudurufu, ya kahawia, upande mmoja chumvi na mafuta ya karanga vimekula wino. Inasomeka nusu ya aya kuhusu bei ya pamba, na namba ya ukurasa, 31. Jina la jarida halipo. Inaweza kuwa yenyewe na inaweza isiwe. Nimeikausha ndani ya kamusi.

Kwa hiyo naomba hivi. Likizo inakuja, wengi wenu mnakwenda nyumbani, na wengine wazazi au babu zenu walisoma hapa miaka ile. Kuna sanduku la bati chumba cha uani ambalo bibi anataka litolewe. Kabla halijatoka, lifungue. Ukikuta kitu cha kudurufu chenye pini ya kutu, hata kiwe ni nusu, hata kiwe hakina jalada, nitafute kimbwetani. Karanga nitaleta mimi, ninazo nyingi sana.