Walimu wa UPE na Mjadala wa Sifa za Ualimu katika Nyanda za Juu Kusini, 1974–2004

Mjadala kuhusu sifa za mwalimu nchini Tanzania hauwezi kueleweka bila kurejelea Azimio la Musoma la Novemba 1974. TANU iliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ifikiwe Novemba 1977 badala ya 1989. Takribani miaka 12 ya maandalizi ikafutwa, na vyuo vya ualimu, kikiwamo Mpuguso wilayani Rungwe, visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo.

Serikali iliwateua vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha vijijini huku wakisoma kwa njia ya posta, redio na usimamizi wa wakufunzi kwa miaka 3. Waliofaulu walipewa Daraja la IIIC. Nchini kote, zaidi ya 35,000 waliandaliwa hivyo.

Wakosoaji walihoji: aliyeishia darasa la saba atalifundishaje darasa la saba? Hoja hiyo ina uzito, hasa katika Hisabati na Kiingereza. Hata hivyo, inachanganya udogo wa cheti na uhaba wa nyenzo. Mwalimu huyo alikabidhiwa darasa lililofurika na vitabu visivyotosha, na msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 ukazidisha hali hiyo. Mwenye cheti cha juu naye asingeikwepa. Aidha, kwa vijiji vya pembezoni, kama vya Chunya au Ileje, aliyekosekana mwalimu wa UPE hakufuatiwa na mwalimu bora zaidi. Mara nyingi darasa lingebaki tupu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilipandisha sifa ya chini hadi Daraja la IIIA, linalodai elimu ya kidato cha nne. Lengo lilikuwa sahihi, lakini sehemu kubwa ya gharama ilimwangukia mwalimu mwenyewe: wengi walifanya mitihani ya sekondari kama watahiniwa binafsi huku wakiendelea kufundisha. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza 2004, wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa shuleni baada ya mafunzo ya wiki chache, na umma ukawabandika jina la “vodafasta”.

Kwa hiyo, kosa la msingi halikuwa kulegeza sifa wakati wa dharura. Lilikuwa kulegeza bila kuweka fungu na ratiba ya kumwendeleza mwalimu, kisha kumlaumu kwa cheti ambacho dola yenyewe ilikiona kinatosha.