Hii picha ni ya nani? Kutaja jina la mpiga picha kabla ya kutuma

Katika makundi ya WhatsApp ya Punia, Kalima na Kindu, picha moja inaweza kupita katika simu nyingi kabla jua halijazama. Daraja limevunjika, ndoa imefungwa, mtoto amepotea: yote inaingia humo. Lakini jina la mwenye kuipiga linabaki njiani. Juu ya nini jina hilo lina uzito? Sheria inasema nini? Na linaandikwaje?

Picha ya Baringa

Wasikilizaji wengi wamekwisha kuiona ile picha ya baba ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa mtoto vilivyokatwa. Mara nyingi inafika bila maelezo, au na hadithi ya kubuni.

Baba huyo ni Nsala, wa kijiji cha Wala. Mtoto ni binti yake Boali, wa miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni iliyolazimisha watu kuvuna mpira. Aliyepiga picha ni Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, tarehe 14 Mei 1904 huko Baringa, leo katika jimbo la Tshuapa. Picha zake zilionyeshwa Uingereza na Marekani, zikaongeza nguvu kwa kampeni iliyomfanya Mfalme Leopold II aachie Congo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Ukiondoa majina, mahali na tarehe, hiyo inabaki "picha ya zamani ya Afrika" tu, na kila mtu anaweza kuibandikia maneno yake. Ukiyaacha, ni ushahidi. Tunajua ni nani aliona, wapi, na siku gani.

Jina ni mkate

Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, vijana wa Goma kama Moses Sawasawa walitoka na kamera zao wakati watu walikuwa wakikimbia. Katika magazeti ya ng'ambo, picha kama hizo zinatoka na jina la mpigaji pembeni. Zikifika katika simu zetu, mara nyingi jina halipo tena.

Kwa mpiga picha wa ndoa na matanga hapa kwetu, jina ndilo tangazo lake. Mtu akiona picha nzuri, anauliza: nani alipiga? Kama jina limekatwa, mteja hamupati. Betri, karatasi na pesa ya moto amelipa yeye mwenyewe.

Sheria inasema nini?

Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi za waandishi, wanamuziki, wachoraji na pia wapiga picha. Congo iko vilevile katika Mkataba wa Berne. Kifungu chake cha 6bis kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, hata kama amekwisha kuuza haki za kupata pesa. Tangu mwaka 2011, shirika la SOCODA ndilo linalosimamia haki za watunzi nchini.

Tusichanganye mambo mawili: kutaja jina si kupata ruhusa. Ukitaka kuweka picha ya mtu kwenye tangazo la duka au la kampeni, umuombe kwanza. Kuna picha ambazo wenyewe wametoa ruhusa mbele, kwa leseni za Creative Commons. Hizo pia, karibu zote zinadai jina litajwe.

Namna ya kufanya

1. Uliza aliyekutumia: ameitoa wapi? "Niliipata katika kundi" bado si jibu.
2. Tafuta kwa Google Lens kama una mega. Inaweza kuonyesha ilitokea wapi mbeleni.
3. Andika chini ya picha: *Picha: jina la mpigaji, mahali, tarehe.* Usitegemee simu: WhatsApp ikituma picha, habari zilizofichwa ndani ya faili zinapotea.
4. Usikate alama au sahihi iliyo pembeni. Kuikata ni sawa na kufuta jina kwenye mlango wa mtu.
5. Kama mpigaji hajulikani, andika "mpigaji hajajulikana". Usiweke jina lako. Jina la aliyekutumia pia si la mpigaji.

Wakati wa kuficha jina

Iko picha ambazo jina linaweza kuleta hatari: watu wenye silaha, biashara ya magendo katika machimbo, mwanamke aliyetendewa ukatili. Hapo mpigaji mwenyewe ndiye anaamua. Akisema "musinitaje", tunaandika "jina limefichwa kwa ajili ya usalama", na ndani ya chumba cha habari tunajua ni nani. Na yule anayeonekana ndani ya picha, yeye pia aulizwe. Hata mpigaji akikubali kutajwa, mtu huyo anaweza kukataa uso wake kuonekana.