Kisima, Tundu na Kumbukumbu za Matabaka

Neno "kisima" limezoeleka kwa maana ya mahali pa kuteka maji. Historia ya utafutaji wa fosfeti, malighafi ya mbolea, yatuonyesha kuwa maana hiyo haitoshi. Katika nyanda za Barkly, kaskazini mwa Australia, wafugaji wa ng'ombe hutegemea visima virefu vilivyotobolewa kwa mashine. Watoboaji waliandika aina ya mwamba na kina chake. Fosfeti ilipogunduliwa Duchess, Queensland, mwaka 1966, na Wonarah, Barkly, mwaka 1967, maandishi hayo ya maji yalipata kazi ya pili: kukadiria ni wapi tabaka linalotafutwa li karibu na uso wa ardhi, na wapi limefukiwa mno.

Hapo ndipo tafsiri huweza kupotosha. Tundu lisilotoa maji likiitwa "kisima kilichoshindwa", ofisa ataliondoa jaladani, ilhali habari zake za mwamba ni sawa na za tundu lenye maji.

Kwa hiyo twapendekeza "tundu la uchimbaji" kwa kila tobo la mashine, likiwa na maji au kavu. "Kisima kirefu" kwa lile litoalo maji. Na "kumbukumbu za matabaka" kwa maandishi yake. Twawaomba walimu na wafasiri wayajaribu, kisha watuletee maoni.